Beberu wa Kedowa na Nzohe wa Namba Nne

Jumamosi, 2 Juni 1934

Leo nimepewa cheo. Bado hakijawa rasmi, lakini mtu mwenye akili huanua nguo kabla ya mvua.

Asubuhi, kipande cha reli kilipogongwa na watu kupanga mistari, Bwana Meneja alisimama juu ya sanduku la chai akatangaza habari ya kinamasi kilicho chini ya shamba Namba Nne. Kuanzia sasa hakuna kukata matete pale, hakuna mitego, hakuna bunduki. Ndege na wanyama waachwe waishi. Huyu Bwana sisi tunamwita Bwana Ndege. Anaweza kusimamisha gari lililojaa majani mabichi ili amtazame shomoro.

Jumamosi ijayo anakuja Memsaab mmoja wa Kizungu kutoka Nairobi, mjuzi wa wanyama wa majini, kuhakikisha kama kweli tunaye nzohe. Nzohe ni swala wa kwenye matete, mwenye manyoya marefu, pembe za kujisokota na kwato ndefu za kutembelea tope. Memsaab akimwona, kinamasi kitafanywa hifadhi. Hifadhi itataka mlinzi. Mlinzi atapewa kofia, buti, na ile nyumba ya mabati iliyo kando ya mfereji, ambayo haina mtu tangu fundi wa pampu ahame.

Bwana akauliza ni nani kati yetu anajua mambo ya maji. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Nikasema mimi, Phelix Oyoo, karani wa mizani, ni mtu wa ziwani. Ratemo akauliza, kwa sauti ya kusikika, kama si kweli kwamba kwetu ni juu mlimani na maji huletwa na punda. Ratemo ni nyapara wa wachumaji wa Namba Nne, Mkisii mwenye mabega mapana na maneno machache, na hayo machache yote hunielekea mimi. Ni kweli kuhusu punda. Lakini mlima wetu unalitazama ziwa, na kutazama ni nusu ya kujua.

Bwana ameniweka niandae ziara. Ratemo anisaidie. Anisaidie!

Nyumba hiyo naitaka kwa sababu ya Celine. Baba yake, Mwalimu Opiyo, ni mwinjilisti kule Kedowa. Krismasi iliyopita nilimpelekea mnyama wangu wa kwanza wa mahari, beberu mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye pembe zilizojisokota. Alimpokea vizuri, tukaomba. Kisha akasema ng'ombe wanaweza kuja polepole, yeye hana haraka, ila binti yake hataingia katika chumba ninacholala na makapera watatu na jiko linalovuja mafuta. Nyumba kwanza. Basi nyumba ndiyo hiyo, mabati yake nayaona nikiwa kwenye mizani.

Jumapili, 3 Juni

Baada ya ibada nilikwenda kukagua kinamasi changu. Hakukuwa na mchumaji hata mmoja, ni siku ya Bwana, na pale chini palikuwa kimya kama kanisa wakati wa sadaka. Mazingira bora ya kazi.

Niliona korongo wenye taji wanne wakitembea kama wazee wa baraza. Niliona fisi maji akila samaki juu ya jiwe. Alinitazama, akamaliza samaki wake, akajitosa. Niliona pia alama za kwato ndefu kwenye tope, kama mtu aliyebonyeza vidole viwili akavitanua. Nikasema moyoni, Oyoo, umefika.

Nikasogea hatua moja tu ili nione vizuri. Nikazama hadi kiunoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi niliinama zaidi ya sharti. Nilitoka kwa kuvuta matete, ambayo ni marufuku kuyakata lakini Bwana hakusema lolote kuhusu kuyang'oa. Kiatu cha kushoto kimebaki huko. Kimekuwa mali ya hifadhi.

Nilikaa kimya kabisa hadi mvua ya alasiri. Nzohe hakutoka. Nimefikiri sana na nimeipata sababu: kelele. Wachumaji wa Namba Nne, ambao shamba lao liko mteremkoni juu ya kinamasi, huimba kutoka kikapu cha kwanza hadi cha mwisho. Mnyama huyu amechoshwa juma zima. Leo alikuwa amelala.

Jumatatu, 4 Juni

Kwenye mizani nilimuuliza Bilhah kama amewahi kumwona mnyama wa kinamasini. Bilhah ni mke wa Ratemo, na ndiye anayeanzisha nyimbo Namba Nne. Akasema wao humwona karibu kila siku wakiwa kazini, anakula matete kama ng'ombe wa mtu. Ijumaa alikuwa na mtoto.

Nikamweleza kwa upole kwamba mnyama huyo alitoka kulalamika. Kuanzia leo hakuna kuimba Namba Nne, kwa amri ya maandalizi ya ziara. Bilhah akaniambia: "Karani, sisi tukinyamaza tutalala tumesimama." Ratemo akaongeza kwamba mkono wa mchumaji hufuata wimbo, na wimbo ukikatwa kikapu hakijai. Nilimkumbusha kwamba kazi yake ni kunisaidia.

Walinyamaza. Sijawahi kuona watu sitini wakininyamazia kwa pamoja namna ile. Kimya hicho kilinitisha kidogo, lakini uongozi ni upweke.

Jumatano, 6 Juni

Nimelala kifudifudi kwenye matete alfajiri mbili. Kimya kizuri mno. Jana nilisikia tumbo langu mwenyewe likiuliza maswali. Hata vyura wamepunguza. Nzohe hakuna.

Mambo mengine pia yameharibika kidogo. Vikapu vya Namba Nne vinakuja vyepesi, na majani yanazidi kukua kwenye mti. Bwana aliniuliza kuna nini. Nikasema labda ni mvua ya mawe. Akauliza ni mvua ya mawe ipi. Nikasema ilinyesha upande mmoja tu.

Ratemo alipita nikikausha suruali, akasema ati kama ningekuwa samaki, ningekufa maji. Makapera wenzangu walicheka hadi mmoja akamwaga uji. Acheni wacheke. Usiku huu, nikimfikiria Celine, nilimfikiria na beberu wangu, na nikiwa namfikiria beberu nikakaa kitako kitandani.

Rangi ya kahawia. Manyoya marefu. Pembe zilizojisokota.

Memsaab atasimama mbali. Asubuhi kutakuwa na ukungu. Anachohitaji ni kuona kitu chenye pembe kwenye matete, na kitu hicho ninacho. Yaani, kiko Kedowa kwa baba mkwe, lakini nilikipeleka mimi. Nitakiazima siku tatu tu, nikirudishe kikiwa kimenona. Akili ni mali.

Alhamisi, 7 Juni

Nilimwomba Bwana ruhusa ya kwenda kuleta kifaa muhimu cha maandalizi. Nikafika Kedowa jua likiwa juu.

Mwalimu Opiyo hakuwapo, amekwenda Fort Ternan kupokea vitabu vya nyimbo kwenye treni. Alikuwapo mama yake Celine. Mimi najua adabu za kwetu. Mkwe hamkaribii mama mkwe wala hamtazami usoni, kwa hiyo nilisimama nyuma ya ghala la mahindi nikageukia ukuta, nikaueleza ukuta kwamba nimekuja kumchukua beberu.

Kisha mama akauliza: "Ile mbuzi ya mahari?" Nikasema ndiyo, ile ile. Akauliza: "Unaitoa na mkono yako mwenyewe?" Nilishangaa kidogo, kwani mbuzi hutolewa na mkono upi mwingine, lakini nikajibu ndiyo, mama, kwa mkono wangu. Akauliza tena kama nimefikiri vizuri. Nikasema nimefikiri usiku kucha na nina furaha. Akauliza kama nyumbani kwetu wanajua. Nikasema hili ni jambo langu, wataliona matokeo.

Basi akamwita jirani, Dorcus, aje asimame langoni anione nikitoka. Heshima ya ajabu. Kwetu hata chifu hasindikizwi hivyo. Dorcus alishika kichwa kwa mikono miwili nilipopita.

Celine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Nilipofungua kamba alinitazama sana, mimi na kamba, kamba na mimi. Sijapata kutazamwa vile. Nilipofika langoni bado alikuwa pale pale. Akasema tu, "Haya, Phelix." Hilo ni penzi lisilo na maneno mengi.

Beberu hakutaka kutembea. Kuanzia nusu ya njia nilimbeba.

Ijumaa, 8 Juni

Siku ya mazoezi. Nimempaka beberu tope mgongoni na tumboni hadi nywele zikanata. Ukimtazama kwa jicho moja, ni nzohe kamili. Ukimtazama kwa mawili ni vizuri usimame mbali.

Kuna kichuguu cha matope katikati ya matete, nikampeleka hapo mabegani na kumfunga kwenye mti mfupi. Alilia kwa sauti ya kuamsha kiwanda. Nikagundua kwamba akipewa chumvi ananyamaza. Nikampa chumvi kiganjani, akalamba, akatulia, akanitazama kama mwana. Kesho nitamwachia bonge zima.

Ratemo alikuwa juu mteremkoni akitazama yote haya. Aliniuliza baadaye, bila kucheka, "Karani, hiyo nyama yako iko na ndevu?" Nikamwambia wanyama wa hifadhi si mambo ya nyapara. Nikamwamuru kesho awapeleke watu wake Namba Saba, mbali kabisa, ili Memsaab apate kimya. Akasema majani ya Namba Nne yamekomaa kwa sababu ya kimya changu, na Bwana amesema yachumwe kesho bila kukosa. Nikasema amri ni amri.

Celine, kesho saa hizi nitakuwa mtu mwenye mabati.

Jumamosi, 9 Juni

Nitaandika yote kama yalivyotokea, ingawa mkono hautaki.

Memsaab ni mama wa makamo, mkimya, mwenye darubini shingoni na buti za kweli. Ukungu ulikuwa mzito, kama nilivyoagiza. Tulisimama kwenye ukingo, yeye, Bwana Ndege na mimi. Ukungu ulipofunuka kidogo, zikaonekana pembe. Nikanyoosha mkono taratibu, kama mwenye nyumba anayeonyesha viti, nikanong'ona: "Nzohe, Memsaab."

Alitazama muda mrefu. Bwana alifurahi hadi akanipiga bega. Hiyo ilikuwa dakika nzuri kuliko zote maishani mwangu na nashukuru niliipata.

Kisha Memsaab akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba mnyama huyu ana ndevu. Nikasema madume wakongwe wa sehemu hizi huwa nazo. Akasema anaona pia kamba. Nikasema ni unyasi. Akasema unyasi umefungwa fundo. Nilikuwa natafuta jibu, na ningelipata, ila beberu alikuwa amemaliza chumvi.

Akalia. Akalia tena. Akavuta, mti ukang'oka, na mnyama ambaye jana alikataa kulowesha ukwato alikuja mbio akikata maji, akiburuta mti nyuma, moja kwa moja hadi kwangu. Akaanza kulamba kiganja changu mbele ya watu. Shingo ya Bwana iligeuka nyekundu kuanzia chini kwenda juu.

Wakati huo huo, kutoka Namba Nne, sauti ya Bilhah. Na baada yake watu sitini wakaitikia.

Ratemo hakuwapeleka Namba Saba! Nilijua mara moja kwamba wao ndio wameharibu kila kitu. Nikamwacha beberu, nikapanda mteremko mbio kwa kiatu kimoja na ndara moja, nikasimama mbele yao, mgongo wangu kwa kinamasi, nikapunga mikono kama mtu anayefukuza ndege mtamani. Nikawaambia wanyamaze. Wakazidi kuimba. Wakaanza kunyoosha vidole. Nikadhani wananionyesha mimi. Bilhah alikuwa anacheka na kuimba kwa pamoja, na mikono yake yote miwili ilikuwa ikichuma bila kuangalia, na kikapu kinajaa. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka, na mwishowe wakanyamaza.

Nikageuka. Niliona matete yakitikisika. Matete tu.

Walikuwa watatu, wanasema. Dume, jike na mtoto. Walitoka katikati kabisa mara wimbo ulipoanza, wakasimama wazi wakila, na Memsaab aliwatazama hadi machozi yakamtoka. Watu sitini waliwaona. Bwana aliwaona. Nadhani hata beberu aliwaona. Waliingia majini niliponyamazisha wimbo.

Bwana alitueleza sote alichoambiwa na Memsaab. Watu wakiimba, mnyama anajua wako wapi na wanafanya nini, naye anakula kwa amani. Pakiwa kimya anafikiri kuna mwindaji amejilaza mahali, naye huzama majini akabakiza pua. Yaani juma zima walikuwa hapo hapo, maji hadi puani, wakinisubiri mimi niondoke.

Kinamasi kimekuwa hifadhi. Mlinzi ni Ratemo. Yeye na Bilhah wanahamia nyumba ya mabati Jumatatu. Memsaab alimshika Bilhah mkono. Mimi nimebaki kwenye mizani, na Bwana amesema nishukuru kwa hilo.

Jumapili, 10 Juni

Nilimwogesha beberu, nikamrudisha Kedowa. Nilijua Mwalimu Opiyo atauliza habari ya nyumba, na nilikuwa nimeandaa maelezo ya kutosha njia nzima. Hakuuliza. Alikuja langoni na hakulifungua.

Aliongea kwa utulivu, kama anavyoongea kwenye mazishi. Akasema mnyama wa mahari ana njia moja tu, ya kuingia. Akitoka, maneno yamevunjika. Na mchumba akija mwenyewe, mchana, akamtoa kwa mkono wake mbele ya shahidi, hakuna cha kujadili tena, yeye ndiye amemkataa binti. Mama yake Celine aliniuliza na kuniuliza ili nipate nafasi ya kujirudi. Akauliza kama baba yangu hakunifundisha hata hilo.

Alinifundisha. Kila mtoto wa kwetu anajua. Nililijua hilo kabla ya kujua kusoma, na Alhamisi halikupita kichwani hata kidogo, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa pembe.

Nikasema nilimwazima tu. Akauliza ni nani duniani aliyewahi kuazima mahari yake. Nikasema lakini tazama, amerudi. Akasema aliyerudi ni mbuzi.

Nikaomba niongee na Celine. Alikuja, akasimama ndani ya lango, mimi nje, beberu katikati akila ua. Alikuwa na macho mekundu. Akaniambia kwamba Alhamisi alisimama pale mlangoni muda wote akingoja niiachie ile kamba. Alifikiri nitaiachia mlangoni. Halafu akafikiri nitaiachia langoni. Halafu akapanda nyuma ya nyumba ili anione barabarani, akaona nimembeba mabegani, nakwenda haraka haraka kama mtu aliyefurahi.

Nilimpenda na bado nampenda, na nilimwambia hivyo, lakini nilikuwa nimeshika kamba.

Nililia nyuma ya kanisa. Beberu alikula leso.

Jumatatu, 11 Juni

Nimeamka na akili safi.

Kwanza, suala la nzohe. Nimelichambua bila upendeleo. Watu wanasema walitoka kwa ajili ya wimbo. Lakini Bilhah ameimba miaka na hakuna Memsaab aliyewahi kuja. Juzi kulikuwa na kitu gani kipya? Beberu. Ni wazi kwamba walitoka kumtazama beberu. Kwa haki, nyumba ile ni yangu, na nitamweleza Bwana hivyo shingo yake ikirudi rangi ya kawaida.

Pili, Celine. Hapa ndipo wengine wangekata tamaa. Mwalimu Opiyo amesema beberu yule amekwisha toka na hawezi kuingia tena kama mahari. Sawa, naheshimu mila. Lakini hakusema lolote kuhusu beberu mwingine. Beberu mwingine anaweza kuingia, mazungumzo yakaanza upya, na mwanamume akaonekana amejirekebisha.

Tatizo ni kwamba beberu ninaye mmoja.

Jikoni kwetu kuna masizi mengi, makapera hawajafagia dohani tangu mvua ya masika. Nikimpaka kuanzia kichwani hadi mkiani atakuwa mweusi tititi. Ndevu nitazinyoa. Nitampeleka Jumapili jioni, macho ya Mwalimu hayaoni vizuri jua likizama. Ni muhimu tu beberu asilie langoni na asimtambue Celine. Nitabeba chumvi.

Nimemwomba kapera mmoja anishikie pembe tukimnyoa kesho. Ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia nimefikiri usiku kucha.

Kutoka Namba Nne wanaimba tena, kelele tupu, mtu hawezi hata kupanga mambo yake. Nimefunga dirisha.